Sura ya 6: Kwa Nini Wasiache Majani Yaote Yenyewe?

Wasomaji wengi wanaposikia kwamba kuna watu Marekani wanaopanda nyasi za porini, swali lao huwa moja. Shamba ukiliacha likalala misimu miwili, si linajaa majani lenyewe? Sasa hao wanahangaikia nini?

Ni swali la haki, tena ni la mtu anayeijua ardhi. Mkulima wa Dodoma au wa Kitui anapambana na majani tangu mvua ya kwanza; kwake ni kitu cha kupalilia, siyo cha kupanda. Lakini katika jimbo la Illinois, kuanzia Julai hadi Novemba, utawakuta watu wa kila namna, walimu wastaafu, mafundi umeme, wanafunzi, wazazi na watoto wao, wanatembea mbugani na ndoo zimefungwa kiunoni wakichuma mbegu za nyasi na maua kwa mkono. Hakuna anayewalipa. Wapo walioifanya kazi hiyo tangu ujana wao mpaka mvi zimewatoka.

Jibu fupi ni kwamba majani yatakayoota yenyewe siyo yale yaliyokuwapo. Jibu refu linahitaji turudi nyuma kidogo.

Nchi ilivyokuwa kabla ya plau

Prairi ni mbuga pana ya nyasi na maua yenye miti michache sana, au isiyo na mti kabisa. Ile inayoitwa prairi ya nyasi ndefu ilianzia kusini mwa Kanada ikashuka hadi Texas, na upande wa mashariki ikaingia Illinois na Indiana. Inakadiriwa kwamba ilienea eka milioni 170 hivi, eneo kubwa kuliko Kenya nzima. Nyasi yake kuu watu wa huko huiita mguu wa batamzinga, kwa sababu shuke lake hugawanyika pande tatu. Penye udongo mzuri hupita mita mbili, na mtu mzima akiingia humo mwezi Septemba haonekani tena.

Hata hivyo anayetazama juu tu bado hajaiona prairi. Mizizi ya nyasi hiyo hushuka hadi mita tatu. Kila mwaka sehemu ya mizizi hufa na kuozea humohumo ardhini, na kwa maelfu ya miaka uozo huo ukajenga udongo mweusi wenye rutuba ambayo ni nadra kuipata kwingineko duniani. Rutuba hiyo ndiyo iliyoiponza prairi. Walowezi wa kwanza walitaabika kuilima, maana udongo uliganda kwenye plau zao na iliwabidi kusimama kila baada ya hatua chache kuukwangua. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa kijiji cha Grand Detour, Illinois, aliyeitwa John Deere, akaunda plau ya chuma kilichong'arishwa ambayo udongo uliteleza juu yake. Kufikia mwisho wa karne hiyo, prairi karibu yote ya Illinois ilikuwa mashamba.

Kati ya mwaka 1975 na 1978 jimbo hilo lilifanya hesabu ya kila kipande cha ardhi ya asili kilichosalia. Zamani Illinois ilikuwa na prairi ya eka milioni 22 hivi. Iliyokutwa katika hali nzuri, ambayo haijawahi kulimwa wala kuharibiwa, ilikuwa eka 2,300 tu. Hiyo ni eka moja katika kila eka elfu kumi.

Na haikuwa nchi tupu. Wapotawatomi, Waillinois, Wakansa, Waosage na wengine wengi waliishi humo, wakawinda humo, na wakaichoma moto kwa makusudi ili kuvuta wanyama kwenye majani mabichi, kurahisisha safari na kulinda makazi yao. Mwaka 1830 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji, na kwa mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1833 Wapotawatomi walipoteza ardhi yao iliyobaki eneo hilo na kusukumwa ng'ambo ya mto Mississippi. Walipoondolewa waliokuwa wakiiwasha, prairi ikapoteza walezi wake. Naliweka hili mapema kwa sababu watu wengi hudhani kuhifadhi maana yake ni kumtoa binadamu na kufunga geti. Prairi haijawahi kuishi hivyo.

Kwa nini hairudi yenyewe

Chukua shamba la mahindi la Illinois, uliache. Mwaka wa kwanza litaota magugu. Baada ya miaka michache vitaingia vichaka, na baada ya miaka ishirini utakuwa na kichaka kilichofungamana, giza chini, na ardhi tupu isiyo na nyasi wala ua. Sababu ni hizi:

- Mbegu hazipo. Baada ya miaka mia na zaidi ya kulimwa, akiba ya mbegu za prairi iliyokuwa ardhini imekwisha, na prairi ya jirani iko mbali mno kwa upepo au ndege kuzileta.
- Maji yamehamishwa. Prairi nyingi zilikuwa na majimaji. Wakulima walizika mabomba ya udongo chini ya mashamba yao kuyatoa maji, na mengi yanafanya kazi hadi leo.
- Wageni wamewahi. Kuna kichaka kilicholetwa kutoka Ulaya kuwa ua wa nyumba, na sasa kimeshika maelfu ya eka. Aliyeona mti wa mathenge ulivyofunga malisho ya Baringo hahitaji maelezo zaidi.
- Moto haupo.

Hili la mwisho ndilo linalowashangaza watu, kwa hiyo tulitazame vizuri. Mti huchipua kutoka ncha za matawi. Moto ukizila ncha, mti mchanga umeumia vibaya. Nyasi za prairi huchipua kutoka usawa wa ardhi au chini yake, mahali ambapo moto unaopita haraka hauwezi kupafikia. Moto unapoondoa matandazo ya majani makavu, jua huufikia udongo uliogeuka mweusi, udongo hupata joto mapema, na chipukizi hutoka kwa nguvu. Wafugaji wa kwetu wanaochoma malisho mwishoni mwa kiangazi wanaijua kanuni hii bila kufundishwa na mtu.

Wataalamu wa Marekani ilibidi wajifunze upya. Huko Madison, Wisconsin, chuo kikuu kilianza katikati ya miaka ya 1930 kurudisha prairi kwenye shamba lililochoka, kwa nguvu za vijana walioajiriwa na serikali wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Walihamisha mabonge ya nyasi na mizizi yake, wakapanda mbegu, wakangoja. Nyasi za kigeni zikazidi kuwasonga. Ni katika miaka ya 1940, mtaalamu wa mimea John Curtis na wenzake walipojaribu kuchoma vipande kwa mpangilio, ndipo ilipodhihirika kwamba bila moto kazi ile ingepotea. Mbuga hiyo leo ina jina la Curtis, na ndiyo prairi ya kwanza kupandwa upya kwa utaratibu wa kisayansi.

*Kwa ufupi:* prairi iliyolimwa haina mbegu, haina maji yake, imezingirwa na magugu ya kigeni, na haina mtu wa kuiwasha. Kuiacha tu ni kuiacha ife mara ya pili.

Mbegu zilijificha wapi?

Plau haikufika kila mahali. Kule Kansas, kwenye vilima vya Flint Hills, mawe yako karibu na uso wa ardhi kiasi kwamba chuma hakipiti, na hiyo ndiyo sababu sehemu kubwa ya prairi ya nyasi ndefu iliyosalia Marekani iko huko. Illinois haikuwa na bahati ya mawe mengi. Prairi ilijibanza kwenye vipande vidogo: kando ya reli, ambako kampuni za treni zilizungushia uzio ukanda mwembamba kabla majirani hawajaulima, na makaburini.

Walowezi walizika wafu wao kwenye ardhi ya prairi, na hakuna aliyethubutu kupitisha plau juu ya kaburi la bibi yake. Profesa Robert Betz wa chuo kikuu kimoja cha Chicago alitumia miaka mingi akizunguka kwenye makaburi ya zamani ya vijijini, akikuta humo mimea ambayo wengi walidhani imetoweka. Aldo Leopold, mwandishi na mhifadhi wa Wisconsin, aliwahi kuandika kwa uchungu juu ya kona moja ya makaburi ambamo mmea wa dira ulikuwa umesalia, mmea ambao majani yake hujielekeza kaskazini na kusini. Ilitosha wafyekaji wa barabara kupita siku moja na mashine, nao ukafyekwa.

Vipande hivi ndivyo ghala la mbegu. Kipande cha nusu eka nyuma ya kanisa kinaweza kuwa na aina za mimea ambazo hazipo tena popote katika kaunti nzima. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya watu hawa ni kulinda mabaki kabla ya kufikiria kupanda.

Katika miaka ya 1970 kijana mmoja wa Chicago, Steve Packard, ambaye hakuwa msomi wa mimea, alikuwa akiendesha baiskeli kando ya tawi la kaskazini la mto Chicago. Katikati ya vichaka, kwenye ardhi ya umma, aliona maua ya prairi yakikaribia kufunikwa. Aliomba ruhusa kwa wasimamizi wa ardhi, akaita watu, na mwaka 1977 wakaanza kukutana siku za mapumziko kukata vichaka na kukusanya mbegu. Kikundi hicho kilienea kando ya mto, kikawa mfano kwa vikundi vingine vingi. Kaunti ilikuwa na ardhi lakini haikuwa na watu wa kuitunza. Wananchi walikuwa na mikono lakini hawakuwa na ardhi. Naona hapo ndipo penye kiini cha mambo yote yaliyofuata.

Mwaka mmoja mbugani

Kazi yenyewe ikoje? Tuifuate kwa majira.

Wakati wa baridi, ardhi ikiwa imeganda, ni kukata vichaka. Watu huja na misumeno, marundo huwashwa juu ya theluji, na kila kisiki hupakwa dawa ya kuua magugu saa hiyohiyo. Kisiki kisipopakwa kitachipua mashina matano badala ya moja. Wapo wanaoichukia dawa hiyo, nami nawaelewa, lakini sijaona njia nyingine iliyowahi kukimaliza kichaka hicho cha Ulaya kwenye eneo kubwa.

Machi na Aprili, au tena Novemba, ni moto. Hauwashwi kiholela. Kwanza hupatikana kibali, kisha husubiriwa siku ambayo upepo, unyevu na joto viko sawa; ikibidi kungoja wiki tatu, hungojwa wiki tatu. Pembeni hufyekwa njia pana ya kuzuia moto. Wachomaji waliofunzwa huvaa nguo zisizoshika moto, wakabeba mabomba ya maji mgongoni kama yale ya kupulizia dawa shambani, na vipigio vya mpira. Huanza upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo na kuacha ukanda mweusi. Ukanda ukishapanuka, ndipo huwasha upande wa pili, na moto ukikimbia hukutana na ardhi iliyokwisha kuungua. Eneo halichomwi lote mwaka mmoja. Robo au nusu huachwa, kwa sababu kuna wadudu wanaolala baridi ndani ya mashina makavu na lazima wapate pa kubaki.

Kiangazi ni kung'oa magugu ya kigeni kabla hayajatoa mbegu, kazi ya jua kali na mbu, na ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Lakini ni majira hayohayo ambapo hufanyika jambo ambalo kila nikilifikiria napata heshima kubwa kwa watu hawa. Kuna okidi nyeupe ya prairi yenye petali zilizochanika pembeni, iliyo kwenye orodha ya serikali ya mimea iliyo hatarini tangu 1989. Huchavushwa, yaani hupelekewa chavua ya kutungisha mbegu kutoka ua moja hadi jingine, na nondo wakubwa wa usiku. Nondo hao wamekuwa adimu na maua yenyewe yako mbalimbali. Kwa hiyo wajitoleaji hupiga magoti kwenye majimaji wakiwa na vijiti vya meno, wakabeba chavua kwa ncha ya kijiti kutoka ua hadi ua.

Kisha huja mavuno ya mbegu. Kila aina ina wiki zake za kuiva, na anayeijua mbuga yake hujua kona ipi ianze. Hawachumi zote, kila kipande huachiwa mbegu zake. Huchuma karibu, kwa sababu mmea uliozoea udongo na baridi ya Illinois kaskazini una nafasi nzuri zaidi kuliko ndugu yake aliyetoka Texas. Mbegu hutandazwa zikauke, hupurwa, hupepetwa, kisha huchanganywa kulingana na mahali: mchanganyiko wa kilimani hauendi bondeni. Wengi huzimwaga kuelekea majira ya baridi au katikati yake, kwa kuwa mbegu nyingi za prairi hazioti mpaka zilale miezi kadhaa kwenye unyevu na baridi.

Halafu, kwa mwaka mzima au miwili, huonekani umefanya lolote. Mmea wa prairi kwanza hujenga mizizi. Juu huonyesha majani mawili matatu katikati ya msitu wa magugu. Jirani anayepita atasema kazi imeshindikana. Maua mengine huchukua miaka mitano au zaidi kuchanua kwa mara ya kwanza.

Inachukua muda gani?

Katikati ya miaka ya 1970, Profesa Betz aliiendea maabara ya fizikia ya Fermilab, magharibi mwa Chicago, iliyokuwa na ardhi kubwa ya wazi ndani ya duara la mtambo wake. Aliomba airudishie prairi. Inasimuliwa kwamba mkurugenzi, Robert Wilson, aliuliza itachukua muda gani, na Betz akataja miaka mitano, kumi, ishirini, pengine hata arobaini. Wilson akajibu kwamba kama ndivyo, basi waanze mchana huohuo. Upandaji ulianza mwaka 1975 kwa mbegu zilizochumwa na watu wa kujitolea, na baadaye mbuga ilipokomaa wakaweza kuvuna mbegu zake kwa mashine ya kuvunia nafaka.

Mfano mwingine ni Nachusa, eneo la vilima vya mawe kaskazini mwa Illinois lililonunuliwa na shirika la The Nature Conservancy mwaka 1986. Mabaki yalikuwa juu ya vilima, mahindi yalikuwa katikati. Huko kila mlezi wa kujitolea hukabidhiwa kipande chake: anachuma mbegu, anapanda, anapalilia, mwaka baada ya mwaka, na anajulikana kwa kipande hicho. Leo eneo linakaribia eka 4,000. Naamini mpango huu wa mtu na kipande chake umeleta matunda kuliko mashine yoyote, maana gugu jipya linapoingia huonwa na mtu anayekifahamu kila kichuguu cha hapo.

Mwaka 2014 Nachusa ilileta baisani, wale nyati wenye singa ambao zamani walikuwa mamilioni. Baisani hula nyasi zaidi kuliko maua, kwa hiyo hupunguza nguvu ya nyasi ndefu na kuyapa maua nafasi. Mwaka uliofuata walipelekwa pia Midewin, karibu na Joliet, mahali palipokuwa kiwanda cha jeshi cha kutengeneza mabomu.

*Kwa ufupi:* hesabu miongo, siyo misimu. Na mpe kila mtu kipande anachoweza kukifahamu kwa macho yake.

Majirani walipokasirika

Mwaka 1996 kazi karibu ife. Wakazi wa vitongoji vya Chicago walianza kuona miti ikikatwa, moshi ukipanda na visiki vikipakwa dawa katika maeneo waliyoyaita misitu yao. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kitu. Kwao, watu wasiowafahamu walikuwa wanaharibu mali ya umma. Malalamiko yakafika magazetini, na viongozi wa kaunti ya Cook wakasimamisha shughuli za urudishaji. Kwenye baadhi ya maeneo shughuli hizo ziliendelea kusimamishwa kwa miaka.

Walinzi wa prairi walikuwa sahihi kuhusu mimea, ila walikosea kuhusu majirani. Jamii haikuwa wale waliokuja na misumeno peke yao. Ilikuwa pia mama anayetembea na mbwa wake jioni, ambaye mti mmoja uliokuwa kando ya njia ulikuwa na maana kwake. Baada ya hapo vikundi vingi vilijifunza kuweka mabango kabla ya kukata, kugonga milango ya nyumba za jirani kabla ya kuchoma, kuandaa matembezi ya wazi, na kukubali mti fulani ubaki. Hizi si adabu za pembeni. Bila kibali cha jirani hakuna moto, na bila moto hakuna prairi.

Kilichopandwa na kilichopona

Wapo wanaouliza, kama prairi inaweza kupandwa upya, tatizo liko wapi kulima ile ya zamani na kupanda nyingine mbele?

Mbuga iliyopandwa vizuri huwa na aina nyingi za mimea, lakini hata baada ya miaka arobaini udongo wake haujafanana na ule wa kale, kuvu wanaoishi na mizizi ni tofauti, na wadudu wengi wadogo hawajafika. Kupanda kunapanua mabaki na kuyaunganisha. Hakuyaondolei thamani.

Mwaka 2021, kwenye prairi ndogo ya changarawe iitwayo Bell Bowl, ndani ya ardhi ya uwanja wa ndege wa Rockford, alionekana nyuki mmoja mnene mwenye manyoya na doa la rangi ya kutu mgongoni, wa aina iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa hatarini kutoweka. Sehemu iliyokuwa bado katika hali nzuri haikuzidi eka chache. Ilikuwa imekaa hapo maelfu ya miaka. Uwanja ulitaka kupitisha barabara kwa ajili ya upanuzi wa eneo la mizigo. Ujenzi ulisimama kwa muda, watu wakaandika barua, wakaandamana, wakaenda mahakamani, wakapendekeza barabara ipindishwe. Machi 2023 matingatinga yaliingia yakaisawazisha sehemu kubwa ya kipande hicho.

Baadhi ya waliokuwa wakikitetea walirudi kwenye vipande vyao kwingineko, maana Machi ni mwezi wa moto, na upepo wa kufaa haukai siku nyingi.